Emérance na Clotilde kwa Pointi Kumi na Nne

…na ile m peke yake ingetosha, aliwaza Emérance, hata herufi nyingine zote zikigoma, m ingemvusha, kwa sababu m ina miguu mitatu na hukaa imejitanua kama mama mwenye nyumba, na mwenzake Clotilde ana nini, ana l, tena l mbili, ana t, ana i, vijiti vitupu, kuni za kuwashia moto tu, na ukoo ulisema nini, ulisema majina yote mawili yawekwe kwenye mwaliko, herufi za aina moja, ukubwa mmoja, pointi kumi na nne, Hilaire mwenyewe ndiye aliyetamka, kaka mkubwa wa marehemu, amesimama, kidole juu, quatorze, kumi na nne, kwa wote wawili na asisikie tena maneno ya wanawake, haya, quatorze, nani amekataa quatorze, Emérance aliinamisha kichwa siku ile kama mjane mwema anavyotakiwa kuinamisha mbele ya shemeji zake, kumbe kitambaa kilikuwa kinaficha kicheko, maana katika baraza lote lile hapakuwa na mtu aliyejua kwamba hizo pointi hupima kimo tu, kutoka juu hadi chini, upana haziugusi, upana kila herufi huzaliwa nao, na yeye angekosaje kujua, maisha yake yote ameyamaliza na mtu wa mashine ya kuandikia, Étienne mwenye meza yake kwenye kibaraza cha ofisi ya komuni, ya serikali ya mtaa, na ndiyo maana alikuja hapa mapema wiki hii, peke yake, akamfanya Pitshou amfunulie aina za herufi moja baada ya nyingine kwenye kioo cha kompyuta, hii hapana, hii hapana, hii imekonda, mpaka wakafika kwenye ile ambayo m yake ilifunguka kama mlango wa kanisa siku ya ndoa, akasema hiyo hiyo, iko na heshima, na Pitshou, mwanamume mwenye mvi kidevuni na duka lake mwenyewe la kuchapa karibu na soko la Kikula hapa Likasi, hakuuliza heshima gani, alibonyeza tu… na sasa tazama, Emérance juu, Clotilde chini, yote mawili katikati ya ukurasa, quatorze kwa quatorze, na jina la juu limetokeza huku na huku, limelifunika la chini kama paa linavyofunika ukuta, na mwaliko huo ungefika kila mahali, Kikula, Panda, mpaka kwa wale waliohamia Lubumbashi, wote wangesoma kwamba Jumamosi ukoo unaondoa kilio cha marehemu Étienne baada ya mwaka mmoja, na hata asiyejua kusoma angeona kwa jicho lake nani alikuwa mke na nani alikuwa… akakohoa, maana huyo nani alikuwa amekaa hapo hapo, benchi moja naye, nyeusi ile ile mwilini, mkoba mapajani, ametumwa na Hilaire aje aone jina lake kabla halijachapwa, kana kwamba Emérance angeliiba, na alinukia sabuni, sabuni ya kipande, ile ya bei rahisi, harufu ambayo Emérance aliwahi kuinusa kwenye kola ya shati la Étienne miaka ile akaamini ni sabuni ya kwa paroko, alikokwenda kuandika, Bwana atusamehe ujinga wetu, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, wanawake wenzake wa kwaya walikuwa wanamtania hivyo, uongo mtupu, yeye mwaka huu alinenepa, gauni la kilio lilifumuliwa mara mbili pembeni, kijiba cha roho ndicho kilichokuwa kinakula na yeye ndiye anayeota mwili.

Pitshou akageuka kwenye kiti chake, akawauliza wote wawili kwa pamoja, ba mama, niimprimer, ao kuko kitu ya kubadirisha, na Emérance alikuwa ameshafungua kinywa kusema chapa, chapa upesi kabla umeme haujakatika, lakini yule akawahi, kwa sauti ya chini, ya adabu, sauti ambayo ilimkera kuliko matusi, akaomba karatasi moja kwanza, ya kujaribia, na printa ikanung'unika ikatema karatasi, na Clotilde akafungua mkoba wake, akachakura, akatoa rula… Emérance akashika ubao wa benchi, maana ile haikuwa rula ya dukani, ile ilikuwa ya chuma, nyembamba, kona moja imepinda, iliyopinda siku Étienne alipofungulia kopo la sardini jikoni kwake, kwake Emérance, huku watoto wanacheka, ile rula yenye alama kumi kwa inchi upande mmoja, za mashine yake yeye, na kumi na mbili upande wa pili, za mashine zenye herufi ndogo, pika na elite alikuwa akiziita, kama mtu anayetaja mabinti zake, na rula hiyo Emérance aliitafuta mwaka jana kabla ya maziko mpaka akapindua godoro, alitaka kuitia kwenye mfuko wa koti la marehemu, aende nayo, mtu na kifaa chake, akawatukana watoto wa Hilaire kwamba wameiuza kwa chuma chakavu, hawakumsemesha mpaka Pasaka, na Étienne akazikwa mfuko mtupu, kumbe, kumbe iko Panda, imelala mwaka mzima katika mkoba wa huyu pamoja na pipi za minti na leso, na ilifikaje, usiulize ilifikaje, ilifika ilivyofika mashine yenyewe, kwenye baiskeli, imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, maana Étienne alikuwa akienda Panda kuwaandikia wastaafu wa migodi wa kule makambini karatasi zao za pensheni, kazi nzuri, wazee wa watu wanateseka, nenda baba, na mvua inaanza, na mashine haipendi mvua, vyuma vinaota kutu, utepe unavuja wino, basi analeta ujumbe kwa simu kwamba analala huko, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mashine, na yeye Emérance anawasifia majirani, muone mume wangu anavyoionea mashine yake huruma, kama mtoto… na hata Juni, jamani, hata Juni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, baridi kavu, mbingu haina hata wingu la kusingizia, mashine ililala Panda, na yeye hakuuliza, alipika, akafunika sahani, akalala.

Sasa rula ilikuwa imelazwa juu ya jina lake, chuma baridi juu ya Emérance, kisha ikateremshwa chini, juu ya Clotilde, na yule akainama, kope zake karibu zinagusa karatasi, amekuwa mtu mzima na yeye, ana miwani ya kusomea ambayo hakuivaa, kwa aibu labda, au maringo, akapima, akapima tena kutoka upande wa pili kama hakujiamini, halafu akasema tu, bila kulalamika, kama mtu anayesoma bei sokoni, "Jina yangu ni fupi." Ni fupi, ndiyo, ni fupi, shukuru limewekwa, aliwaza Emérance, lakini Clotilde alikuwa ameinua uso, hakumtazama Pitshou, alimtazama yeye, mara ya kwanza leo, labda mara ya kwanza tangu ile siku ya msiba, na akasema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "Yaya, tuko na ma lettres munane, weye munane, miye munane. Ku mashine yake tulikuwaka tunaenea sawasawa." Tulikuwaka… herufi nane kwa nane, ndiyo, lakini tulikuwaka wapi, nani alituweka pamoja, karatasi gani, siku gani, damu ilimpanda mpaka masikioni, kwa hiyo aliyaandika, aliyaandika majina mawili, moja juu ya jingine, mbele ya huyu, kwenye meza ya huyu, na wakayatazama, wakaona yanaanza pamoja na kuisha pamoja kama mapacha, na alicheka, lazima alicheka, lile cheko lake la puani, na kweli ndivyo ilivyo, hawezi hata kubisha, kwenye mashine kila herufi imepewa chumba kimoja, behewa la mashine, lile linalobeba karatasi, linasogea hatua ile ile kwa i na kwa m, i inavaa viatu vikubwa ili ijaze chumba chake na m inakunja miguu ienee, ndivyo alivyomweleza Étienne mwenyewe, zamani, walipokuwa wamefunga ndoa karibuni, alipomlalamikia kwamba kwenye kadi ya chama cha akina mama jina lake limebanwa katikati kama limekaa kwenye taksi-basi, na Étienne akamjibu kwamba mashine haijui mkubwa na mdogo, na yeye akaona ni neno zuri, akalipeleka mpaka kwenye kikundi cha sala, mjinga, mjinga mara mbili, mtu alikuwa anakueleza nyumba yake itakavyokuwa na wewe unaitikia amina.

Na hata hilo angelimeza, haki ya Mungu angelimeza, ni wanawake wangapi Likasi hawakumeza hilo na zaidi, kama Clotilde asingeanza kutikisa midomo, kwanza Emérance alidhani anasali, halafu akaona kidole, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kinagonga juu ya ngozi ya mkoba, na midomo inataja, c na l, gonga, o na t, gonga, i na l, gonga, d na e, gonga, na kitu ndani ya Emérance kikakatika kama uzi… hapana, hiyo hapana, hiyo ilikuwa yangu, maana Étienne hakuwa akihesabu herufi moja moja, moja moja ni kwa wanaoanza, alikuwa anaiweka mashine katikati ya karatasi, halafu anataka mtu amtajie jina la kuandika mbilimbili, herufi mbili kwa pumzi moja, na kwa kila mbili yeye anarudisha behewa hatua moja nyuma, kwa hiyo jina likiisha kutajwa mashine imeshafika mahali pa kuanzia, na neno linakaa katikati bila kupima kitu, na mtu huyo wa kutaja alikuwa yeye, Emérance, jikoni, mikono ina unga wa kusongea bukari, majina ya maharusi, majina ya marehemu, majina ya mapadri wapya, e na m, é na r, a na n, c na e, yeye anataja kwa sauti na kule kwenye kibaraza cha nyumba yao tak, tak, tak, tak, hakuna wimbo waliowahi kuimba pamoja vizuri kama huo, mke anataja mume anarudi nyuma, na majirani wakisikia wanajua nyumba ile ina amani, na kitandani, Bwana, kitandani, Étienne hakuwa mtu wa maneno, akimtaka amgeukie alikuwa anamgonga mgongoni kwa kidole kimoja, polepole, mara nne, jina lake lote bila kulitamka, na yeye anageuka, na mara nne zilikuwa zake, alizibeba moyoni kuliko pete, pete kila mtu anaiona, mara nne hakuna anayezijua… na sasa huyu hapa, na mbili zake nne, mara nne vile vile, kidole kile kile, giza la Panda ni giza kama la Kikula, mgongo ni mgongo, aligongwa mara nne naye akageuka, na Étienne hakuhitaji hata kubadilisha hesabu, hakuhitaji kukumbuka leo ni wapi, alichagua, au alijikuta tu amechagua, wanawake wawili wa mpigo mmoja, na Emérance akaona wivu alioujua mwaka mzima, ule wa sabuni, wa Dan, mtoto wa huyu, mwenye paji la uso la baba yake, wa watu kunong'ona kanisani, ulikuwa wivu wa kitoto, mchezo, huu ndio wenyewe, huu unachoma mpaka kwenye mifupa ya mikono, alitamani kukishika kile kidole akivunje, akivunje pale pale mbele ya Pitshou, na Hilaire aitwe, na Jumamosi ife.

Pitshou hakuona kitu, Pitshou alikuwa anaeleza, kwa upole wa mtu anayeuza, kwamba hesabu ya mama huyu ni ya kweli, kompyuta inaipa kila herufi upana wake, lakini hata kwenye kompyuta kuko aina moja ya herufi zinazokaa kama za mashine, kila moja na nafasi sawa na mwenzake, akiweka hiyo, ukubwa utabaki ule ule wa ukoo na majina yatalingana mwanzo na mwisho, ni kubonyeza tu, lakini hawezi kubonyeza bila ruhusa, aliyekuja kuagiza kazi ni huyu, akaelekeza kidevu chake kwa Emérance, "Mama Emérance, weye njo mukubwa. Tuache vile, ao tulinganishe?" na Clotilde aliikunja leso yake, akaiweka rula mapajani upande wa kumi juu, upande wa Étienne, na akangoja, amezoea kungoja huyo, inaonekana, kungoja ndiyo kazi aliyofanya miaka yote hiyo makambini, kungoja mvua… na Emérance akaona wazo limemjia bila kubisha hodi, kwamba huyu pia alikuwa anahesabu sahani, anafunika chakula, siku ambazo hakukuwa na mvua wala Juni ya uongo, anawaza Étienne yuko Kikula kwa mwenye pete, na wivu wake alikuwa anaupeleka wapi, kwenye kwaya gani, hapana, sitaki kumwonea huruma, aliwaza, sikuja hapa kumwonea mtu huruma, nilikuja na m yangu… lakini ile m, alipoitazama tena pale kwenye karatasi, imejitanua, imenona, ilimchosha ghafla, ilikuwa kama kuvaa viatu vya sherehe nyumbani peke yako, maana hata ingetanuka ikagusa kingo zote mbili za karatasi kuna mahali pamoja haitaingia, haitaingia katika asubuhi ile, na asubuhi ile ndiyo iliyokuwa inamla, siyo kidole, siyo sabuni, asubuhi ambayo Étienne alifia Panda, mvua inanyesha kweli mara hii, mvua ya haki, na wakamleta Kikula kwenye gari la kukodi ameshafunikwa, na Hilaire nyuma yake na mashine imefungwa plastiki, kavu, haina tone, na Emérance akaipokea mashine kwanza, kwa mikono miwili, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono, na kwenye kilio huyu Clotilde alimjia, akapiga magoti kwenye mkeka, akamwambia yaya, nilitaka nikuambie namna alienda, na Emérance akageuza uso ukutani, mbele ya watu wote, na wanawake wakamsifu, umefanya vizuri, asikuzoee, na akajisifu na yeye, mwaka mzima amejisifu kwa ule ukuta, na mwaka mzima, akiwa peke yake anamenya mihogo, amekuwa akijitungia ile asubuhi, mara Étienne anakunywa chai, mara hanywi, mara anaita jina, jina gani, mara anasema kifua kinabana, mara hasemi kitu, anakaa tu ukingoni mwa kitanda anatafuta viatu, na kila akiitunga inaharibika kwa sababu yeye hayumo, anayo huyu, huyu peke yake duniani, hata Hilaire hana, hata padri hana, Laure binti yake alimuuliza mama, papa alisema nini mwisho, na yeye akamjibu alitutaja sote, akaona mtoto amefarijika, na anayeujua ukweli amekaa hapa, ni shibiri mbili kutoka kwenye goti lake, ananukia sabuni ya kipande.

Pitshou akauliza tena, safari hii akitazama taa ya juu iliyokuwa inapepesa, mama, tunafanya aje, umeme huu si wa kuamini, na Emérance alimsikia, alimsikia vizuri kabisa, jibu lenyewe lilikuwa jepesi, linganisha au usilinganishe, sasa lingemgharimu nini, lakini hakulitoa, akaliweka chini ya ulimi, kwa sababu akilitoa, lolote litakalokuwa, karatasi zitatoka, Clotilde atafunga mkoba wake, atasema asante yaya kwa ile sauti yake ya adabu, atainuka arudi Panda, na Jumamosi nyeusi zitavuliwa, watu watakula, watacheza, watakwenda makwao, na baada ya hapo haitakuwepo sababu yoyote katika Likasi nzima ya wanawake hawa wawili kukaa benchi moja, na mwenye kinyongo hawezi kuamka siku moja akapanda taksi-basi mpaka mlangoni kwa mke mwenza akabisha hodi, miguu itakataa, anajijua, na wivu bado ulikuwa unamchoma, haukupoa hata kidogo, ila ulikuwa umegeuza uso, haukutaka tena kumwondoa huyu kwenye karatasi, ulitaka kumshika nguo asiondoke, umtikise, umwombe, nipe, nipe na mimi ile asubuhi, hata nusu, hata kama jina aliloita lilikuwa lako… akatazama mbele, Pitshou na mkono wake juu ya kipanya, majina mawili kwenye kioo kama yalivyokuwa, lake limetokeza, la mwenzake fupi, na kando yake pumzi za Clotilde zinaingia na kutoka bila haraka, na akajua kwamba dakika hizi chache za kutojibu ndizo alizobakiwa nazo, akishindwa kufungua kinywa sasa atazeeka na pete yake bila kujua kama Étienne alikuwa anaogopa asubuhi ile.